Protini ipo kwenye ini, sawa, lakini imekaa wapi?

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache tu kwamba siku hizi watafiti wanachukua kipande cha ini, wanakisaga, wanatoka na majina ya maelfu ya protini pamoja na mahali kila moja inapokaa ndani ya seli, na kwamba kazi hiyo inaitwa proteomiki. Basi Tanga mmeamka! Meseji zimeingia kwa fujo, nimechagua hizi chache, na yule wa Raskazone aliyeuliza kama maini ya papa yanaongeza nguvu za kiume asubiri toleo lijalo, au asisubiri kabisa.

SWALI: Mkuu habari za hapo. Mie bodaboda, safu yako huwa naisoma nikisubiri abiria. Hebu nieleze, mtu akishajua protini fulani ipo kwenye ini si imeisha hiyo? Mambo ya kutafuta imekaa upande gani wa seli mbona naona ni kuchezea hela za watu tu.
Bodaboda, Chumbageni

JIBU: Salama kaka. Haijaisha, tena hapo ndo inaanza. Chukua nyumba yoyote ya Kiswahili pale Ngamiani, mbele kuna baraza na mlango wa barabarani, nyuma kuna mlango wa uani, wageni wanaingilia mbele, maji ya kuoshea vyombo yanatokea nyuma. Ukiniambia nyumba ina milango miwili bado hujaniambia kitu, mie nataka kujua upi unatazama wapi. Seli ya ini nayo ina pande zake, upande mmoja unatazama damu, mwingine unatazama kifereji chembamba sana cha nyongo, na pale inapokutana na jirani yake zimebanana kiasi kwamba damu na nyongo hazichanganyiki.

Sasa kwenye utando, yaani ile ngozi nyembamba ya seli, upande wa damu imekaa protini inaitwa NTCP, kazi yake kuvuta chumvi za nyongo kutoka kwenye damu na kuziingiza ndani ya seli. Upande wa nyongo imekaa nyingine, BSEP, yenyewe inazisukuma chumvi hizohizo zitoke ziingie kwenye kifereji, zikafike utumbo kusaidia kumeng'enya mafuta ya pilau uliyokula jana, na mwisho wa utumbo mdogo nyingi zinafyonzwa tena zinarudi kwenye ini, NTCP inazivuta, mzunguko unaendelea. Moja inaingiza, moja inatoa, na zote mbili zinahitaji kuwa mahali pake.

Kuna watoto wanazaliwa na hitilafu kwenye jeni la BSEP, jeni ambalo lilitambuliwa mwaka 1998. Wanakuwa na macho ya njano, wanajikuna usiku kucha mpaka ngozi inachubuka, na ini linaharibika wakiwa bado wadogo. Kwa baadhi yao protini inatengenezwa, ila haijikunji sawasawa, kwa hiyo seli inaikamata njiani, nyingi inavunjwa, na kwenye utando wa upande wa nyongo inafika kidogo sana au haifiki. Ukisaga ini zima ukapima unaweza kuikuta BSEP, ukaandika "ipo", ukaenda kunywa chai, wakati chumvi za nyongo zinajaa ndani ya seli na kuiua. Kuna dawa inaitwa fenilibutireti, watafiti wameonyesha kwamba kwa baadhi ya hitilafu hizo inazisaidia protini zilizokwama zifike kwenye utando. Sasa dawa ya namna hiyo utaipimaje kama kipimo chako kinajua "ipo" na "haipo" tu?

SWALI: Bwana mwandishi, nauza nyama hapa Ngamiani tangu ujana. Nilicheka uliposema maini yanasagwa maabara. Yanasagwaje, kwa blenda? Na haya ya ng'ombe ninayouza yanafaa au mpaka yatoke Ulaya?
Muuza nyama, Ngamiani

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Blenda hapana, blenda inachanachana kila kitu mpaka vitu vya ndani ya seli, afu hujui tena kipi kilikuwa kipi. Wanatumia bomba la kioo nene na mchi wa teflon uliochongwa ukaenea humo ndani, nafasi inayobaki kati ya mchi na kioo ni ndogo mno. Ini linakatwakatwa kwanza, linawekwa kwenye maji ya sukari, ndiyo, sukari hii hii, sukrosi ya molari 0.25, ili vile vya ndani visinywe maji vikavimba vikapasuka, na mchi unapandishwa na kushushwa polepole mara chache, bomba lote limezama kwenye barafu. Utando wa nje wa seli unapasuka, mitokondria, vile vijumba vya kutengenezea nishati ya seli, na viini vinabaki vizima.

Kabla ya hapo kuna mambo mawili ambayo ukiyaruka unapoteza siku. Damu lazima itoke, kwa hiyo wanapitisha maji yenye chumvi kwenye mshipa mkubwa unaoingia ini na lile ini jekundu linapauka mbele ya macho yako, kipande hadi kipande. Na panya mwenyewe, maana kazi nyingi za aina hii zimefanywa kwa maini ya panya, ananyimwa chakula usiku kucha ili glaikojeni, ile akiba ya sukari ya ini, ipungue, la sivyo nayo inazama kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, inakuchafulia mzigo. Baada ya kusaga unazungusha. Ukizungusha kwa nguvu ya kama mara 1,000 ya uvutano wa dunia kwa dakika 10 viini vinakaa chini, ukichukua maji ya juu ukaenda mara 10,000 inashuka mitokondria, ukaenda mara 100,000 kwa saa nzima vinashuka vipande vidogo vidogo vya tando, na juu kabisa unakuta ukanda mweupe wa mafuta umeelea, huo unaufuta kwa pamba usirudi ndani.

Njia hii ina historia yake nzuri. Christian de Duve, Mbelgiji, alikuwa pale Louvain anachunguza insulini na maini ya panya, akawa anapima na kimeng'enya kingine kinaitwa asidi fosfatesi, siku ya kwanza kikaonekana kidogo kuliko alivyotegemea. Sampuli zikakaa kwenye friji siku kadhaa, kupima tena, kimepanda! Kumbe kilikuwa kimefungiwa ndani ya vifuko na vifuko vimepasuka kwenye friji. Mwaka 1955 vifuko hivyo akaviita laisosomu, na mwaka 1974 yeye, Albert Claude na George Palade wakapewa Nobel. Friji tu hiyo mzee.

Ya ng'ombe yanafaa sana kujifunzia. Shida ni muda, maana mnyama akishachinjwa vimeng'enya vya ini vinaanza kukatakata protini zake vyenyewe, kwa hiyo mtafiti awe amesimama machinjioni na ndoo ya barafu. Yakishaning'inia bandani mpaka saa nne asubuhi hayo ni ya rosti, na mie nitakuja kuyachukua.

SWALI: Shikamoo. Nasoma baiolojia mwaka wa pili, kwetu Pangani. Kuna makala nyingi zina orodha ya "protini za utando wa nje wa seli za ini" lakini nikiangalia ndani nakuta za mitokondria na za ribosomu kibao. Hii mashine inakosea au mie ndo sielewi?
Mwanafunzi, Pangani

JIBU: Marahaba mwanangu, umeelewa vizuri kuliko walioandika vichwa vya hizo orodha. Mashine haijakosea. Ukijumlisha tando zote za seli moja ya ini, ule wa nje ambao ndo kila mtu anautaka ni kama asilimia 2 tu. Endoplazimiki retikulamu, ule mtandao wa vitando uliojaa ndani, sehemu yenye ribosomu, vile vidude vinavyotengeneza protini, ni asilimia 35 na ile laini 16, mitokondria tando zake mbili zinakaribia 40, Golgi, ile idara ya kufungasha protini, 7. Wewe umesaga vyote pamoja afu unavua hiyo asilimia 2, hata ukisafisha kwa bidii gani mabaki ya mitokondria lazima yabaki. Na spektromita za masi za sasa, yaani mashine zinazotambua protini kwa kupima uzito wa vipande vyake, zinaona hata vumbi. Kwa hiyo mashine ikizidi kuwa kali orodha inazidi kuwa ndefu na inazidi kuwa chafu, na watu wanajisifia urefu! Mie orodha ya protini 3,000 "za utando wa nje" isiyo na kipimo cha mgawanyo huwa siimalizi kusoma.

Dawa ya tatizo hili ilipatikana kwa kuacha kung'ang'ania usafi. Unachukua mzigo wako uliosagwa unauweka kwenye tyubu yenye tabaka za sukari, nyepesi juu nzito chini, unazungusha kwa masaa, kila kitando kinashuka mpaka pale uzito wake unapolingana na wa sukari kinasimama hapo. Ukiitoa tyubu ukaishika kwenye mwanga unaona pete nyeupe zenye ukungu, moja chini ya nyingine, na kingo zake zimeingiliana, hakuna iliyo safi. Haijalishi. Unanyonya kuanzia juu kidogo kidogo unapata tuseme mafungu 20, kila fungu unapima kila protini ipo kiasi gani. Protini moja inaanza kuonekana fungu la sita, inapanda la tisa, inaisha la kumi na mbili, huo ndo mchoro wake. Zinazokaa kwenye kitando kimoja michoro yake inafanana, hata kama kitando hicho hakijawahi kuwa peke yake kwenye fungu lolote. Kisha unachukua zile ambazo makazi yake yanajulikana toka zamani, pampu ya sodiamu na potasiamu kwa utando wa nje, glukosi-6-fosfatesi kwa endoplazimiki retikulamu, saitokromu c oksidesi kwa mitokondria, na ile usiyoijua unauliza mchoro wake unafuata wa nani. Protini ya ribosomu iliyojipachika kwenye kipande cha utando haikusumbui tena, mchoro wake unaisema.

Kundi la Kathryn Lilley kule Cambridge walitoa njia yao ya namna hii mwaka 2004, wao walianzia kwenye mmea. Mwaka 2006 kundi la Matthias Mann wakaipiga kwenye ini la panya, wakapanga protini 1,404 kwenye makazi 10 tofauti. Na zipo protini ambazo mchoro wake una vilele viwili, watu wanazichukulia kama kero, mie naziona ndo tamu zaidi kwa sababu kuna protini kweli zinaishi sehemu mbili, zinakuja na kuondoka.

Afu kuna ubishi wa protini za utando zenyewe. Mashine haipimi protini nzima, inapima vipande, na vipande vinakatwa na kimeng'enya kinaitwa tripsini ambacho kinakata baada ya amino asidi mbili tu, laisini na ajinini. Ile sehemu ya protini inayopita kwenye mafuta ya utando ni kama amino asidi 20 zinazochukia maji, laisini na ajinini humo ni za kutafuta kwa tochi, na BSEP kwa mfano inapita utando mara 12. Unabaki na vipande virefu vinavyonata kwenye kila kitu, havitaki kuyeyuka. Ndo maana inabidi sabuni kali kuzitoa, na sabuni hiyo hiyo lazima uiondoe yote kabla ya mashine maana sabuni ikiingia mle inafunika kila kitu, na usafi huo ndo unaokula muda wa watu kuliko mashine yenyewe.

Ukitaka kutenganisha upande wa damu na upande wa nyongo hapo sukari haikusaidii sana, na ugumu ni kwamba upande wa nyongo ni asilimia 10 hadi 15 hivi ya uso wa seli. Wanatumia bayotini, aina ya vitamini, iliyotengenezwa isiweze kupenya utando. Unaipitisha kwenye mishipa ya damu ya ini ambalo bado zima, inashika laisini za protini zilizojitokeza upande wa damu tu, kule kwenye kifereji haifiki kwa sababu seli zimebanana, afu unazivua kwa protini inaitwa streptavidini ambayo ikishakamata bayotini kuachia ni shida. Lakini seli zilizokufa zinaipitisha ndani. Ini lililokaa vibaya nusu saa, umerudi kwenye orodha yako chafu.

Kitu cha mwisho mwanangu, ramani inahama. Mtu anayetumia fenobabitoni kwa ajili ya kifafa, endoplazimiki retikulamu laini kwenye seli za ini lake inaongezeka kweli kweli, hilo limeonekana kwa darubini za elektroni toka miaka ya 1960. Na mwaka 2018 walitumia hii hii njia ya michoro kwa panya waliolishwa mafuta mengi, wakakuta protini nyingi zimehama makazi ini lilipojaa mafuta, kiasi cha protini hakijabadilika sana ila zimehamia kwingine. Orodha ya kawaida isingeona kitu.

SWALI: Mwanangu, hospitali wamenipima ini. Karatasi inasema ALT iko kawaida ila ALP na GGT zimepanda. Foleni ilikuwa ndefu sikuuliza, nikaambiwa nirudi wiki ijayo. Nilale?
Mama wa watu wazima, Makorora

JIBU: Shikamoo mama. Lala, ila siku ya kurudi usiikose. Mie si daktari wako, nitakueleza tu hizo herufi, ambazo ni majina ya vimeng'enya, zinakaa wapi ili ukifika uulize vizuri. ALT inaishi kwenye majimaji ya ndani ya seli ya ini, seli ikiumia inavuja inaingia kwenye damu. ALP na GGT zimeshikilia kwenye utando, na kwenye ini zimejaa upande ule wa nyongo niliomweleza kijana wa bodaboda. Nyongo ikikwama, kwa jiwe au kwa sababu nyingine, chumvi zake zinazibandua kutoka kwenye utando na ini nalo linaongeza kutengeneza ALP, ndo unaziona kwenye damu. ALP inatoka pia kwenye mifupa, GGT haitoki huko, kwa hiyo zikipanda zote mbili daktari anaangalia zaidi ini na njia za nyongo, mara nyingi atataka ultrasaundi. GGT peke yake hupandishwa hata na pombe na baadhi ya dawa za kifafa, kwa hiyo kila dawa unayotumia, hata ya kienyeji, itaje.

Na kwa wanaopenda mafumbo, wale watoto wa BSEP nyongo imekwama lakini GGT yao mara nyingi iko kawaida. Kwa nini? Kwa sababu chumvi hazijafika kwenye kifereji, hakuna cha kuibandua.

SWALI: Kuna jamaa anauza kwenye mabasi dawa ya maji ya kusafisha ini, chupa moja unatoa sumu zote. Je hiyo proteomiki inaweza kuthibitisha?
Abiria, Handeni

JIBU: Hakuna uchafu uliotuama kwenye ini wa kuoshwa kwa chupa, hizo protini tunazozizungumza ndo zinatoa takataka saa zote bure. Baki na hela yako. Macho yakiwa njano au mkojo ukiwa wa rangi ya koka, nenda hospitali.

SWALI: Ndugu mwandishi, huku kwetu malaria tumezaliwa nayo. Nasikia mdudu wa malaria anaanzia kwenye ini kabla ya damu. Je hii ramani ya protini imesaidia kujua anaingilia wapi?
Mkulima wa machungwa, Muheza

JIBU: Umesikia sawa. Mbu akikuuma anamwaga sporozoiti, yaani vimelea vya malaria vya hatua ya kwanza, zinasafiri kwa damu mpaka kwenye ini, na ya falsiparamu, aina ya malaria iliyo kali, inakaa humo karibu wiki, hausikii homa wala nini, seli moja ikipasuka inatoa maelfu kwa maelfu. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba bila protini inaitwa CD81 kwenye utando wa seli ya ini sporozoiti za falsiparamu hazifanikiwi kuiambukiza ile seli. Ila CD81 ipo kwenye seli nyingi tu za mwili, hata kirusi cha homa ya ini C kinaitumia, kwa hiyo haielezi peke yake kwa nini mdudu anachagua ini. Sporozoiti imevaa koti la protini linaloitwa CSP, na koti hilo linanasa kwenye sukari zenye salfa nyingi zilizoning'inia kwenye seli za ini upande wa damu. Hilo koti ndo limefanywa shabaha ya chanjo za RTS,S na R21. Ya RTS,S ilifanyiwa majaribio makubwa jirani zako tu hapo Korogwe, na Bagamoyo pia, R21 nayo Bagamoyo. Shirika la Afya Duniani liliikubali ya kwanza mwaka 2021, ya pili 2023. Kinga yake si kamili, chandarua kibaki kitandani.

SWALI: Kaka nilienda kuchangia damu wakaniambia nina virusi vya homa ya ini B. Sina ugonjwa wowote najisikia fresh. Kwa nini hivi virusi vinaenda kwenye ini tu na si kwingine? Na ninaogopa kula na wenzangu.
Kijana, Ngamiani

JIBU: Pole mdogo wangu, kula nao bila wasiwasi, haviambukizwi kwa sahani wala kwa kushikana mkono. Njia ni damu, ngono, na mama kwa mtoto wakati wa kujifungua, kwa hiyo mwenzi wako apime na achanjwe. Wewe uende kliniki hata kama uko fresh, maana wengine wanakaa hivo miaka huku ini linaliwa taratibu, na dawa za kukituliza zipo kwa wanaozihitaji. Watoto wetu siku hizi wanapata kinga yake ndani ya chanjo ya pentavalenti wiki ya 6, 10 na 14.

Swali lako la kwa nini ini ndo lililonifanya nikuchague. Kirusi chenyewe kilianza kujulikana miaka ya 1960, ila mlango wake ulikuja kujulikana 2012! Kundi la Wenhui Li kule Beijing walichukua kipande cha koti la kirusi wakakifanya chambo, wakakitengeneza kiweze kujiunga moja kwa moja na chochote kilichokishika kikipigwa mwanga, wakakiweka kwenye seli za ini za tupaia, kanyama kadogo ka Asia, wakapiga mwanga, wakavua chambo na kilichong'ang'ania, wakapeleka kwenye spektromita ya masi. Ikatoka NTCP, yule yule mvutaji wa chumvi za nyongo, anayekaa upande wa damu. NTCP iko kwa wingi kwenye seli za ini tu, basi ndo jibu lako. Na kuna seli za HepG2, zinatoka kwenye uvimbe wa ini, maabara dunia nzima wanazifuga, miaka yote kirusi kilikuwa hakiziingii na watu wakashangaa mbona ni seli za ini. Hazina NTCP ya kutosha! Walipozitia wakaona zinaambukizwa. Baadaye ikatoka dawa ya kuziba mlango huo, bulevirtide, Umoja wa Ulaya waliiruhusu 2020 kwa ajili ya homa ya ini D, ile inayompata mtu mwenye B tayari.

SWALI: Mie nimemaliza digrii nipo nyumbani Tanga nina laptopu na bando. Mashine hizo sitaziona leo wala kesho. Kuna chochote naweza kufanya au nibaki kusoma tu?
Mhitimu, Mikanjuni

JIBU: Kipo, tena kingi. Watafiti wengi wanapochapisha kazi zao za proteomiki data ghafi wanaziweka wazi kwenye hazina inaitwa PRIDE, inatunzwa Hinxton, Uingereza, kupakua ni bure. Programu ya MaxQuant, ya kuchambulia data hizo ghafi, ni bure. R, lugha ya kompyuta ya takwimu, ni bure, na ndani yake kuna pakiti inaitwa pRoloc iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hii ya kupanga protini kwenye makazi, ina pakiti mwenza inaitwa pRolocdata yenye data za mfano, huhitaji kupakua mzigo mkubwa siku ya kwanza. Tahadhari moja, faili ghafi za spektromita ni nzito zitamaliza bando lako usiku mmoja, kwa hiyo tafuta jedwali ambalo tayari lina kiasi cha kila protini kwenye kila fungu, mara nyingi limewekwa pembeni ya faili hizo ghafi, hilo ni dogo na laptopu ya kawaida inalimudu.

Na usikimbilie utando wa nje siku ya kwanza. Anza na mitokondria, michoro yake inatoka mizuri na utajua haraka kama unachofanya kina maana. Ukishaona zimejipanga nenda kwenye endoplazimiki retikulamu, ndipo uje kwenye ile asilimia 2, na kila protini ambayo pakiti itakuambia ni ya utando wa nje fungua mchoro wake uutazame kwa macho yako kabla hujaiandika.